Mwaga mfuko mezani: mwongozo wa daktari wa ngozi kwa anayeishi Dar es Salaam

Ilikuwa Februari, joto limebana, feni inazungusha hewa ile ile. Mama mmoja aliingia chumbani kwangu akaweka mfuko wa kitambaa mezani kabla hata hajakaa. Nilikuwa nimemwambia kwa simu aje na kila anachopaka. Akatoa kimoja kimoja: sabuni ya kipande yenye harufu ya ndimu, sabuni ya maji ya kuua vijidudu, losheni, mafuta mgando, mafuta ya nazi, tyubu mbili za famasi zilizominywa mpaka mwisho, na chini kabisa kikopo cheupe kisicho na maandishi.

"Hiki ni nini, mama?"

"Hicho alinipa wifi yangu. Ni cha uso."

"Na yeye alikitoa wapi?"

"Kariakoo. Wanachanganya hapo hapo, unaona kwa macho yako."

Vitu vinane. Tatizo lililomfanya aanze kununua lilikuwa moja: vipele vya jasho shingoni, ambavyo vingeondoka vyenyewe kwa wiki moja ya kuvaa nguo nyepesi. Alipofika kwangu mashavu yalikuwa yanawaka, vishipa vyekundu vinaonekana kama ramani, na paji la uso limejaa chunusi ambazo hakuwa nazo hata alipokuwa msichana.

Wengi wanaokuja kwangu wako hivyo. Hawaumwi kwa kukosa dawa, wanaumwa kwa kupaka vingi, upesi upesi, bila kujua vina nini ndani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kupunguza.

Hatua ya kwanza: baki na vitu viwili

Leo jioni kusanya kila unachopaka, cha bafuni, cha kwenye mkoba, hata kile unachoazima kwa shemeji siku za harusi, ukipange kitandani. Soma lebo. Kisicho na lebo, kando. Chenye jina linaloanza na clobeta- au betametha-, kando pia: hizo ni steroidi kali, ni dawa na si kipodozi, na zina matumizi yake ya muda mfupi kwa maelekezo ya daktari. Ukikuta mercury au calomel, hiyo ni zebaki. Hydroquinone ni haidrokwinoni. Zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, lakini bado zinapenya sokoni.

Kwa wiki mbili baki na sabuni moja isiyo kali na mafuta au losheni moja isiyo na manukato. Hakuna skrabu, hakuna dawa ya meno juu ya chunusi, na tafadhali hakuna limao usoni. Maji ya limao au ndimu yakikutana na jua la huku kwetu yanaunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi. Mara nyingi nimeulizwa "nimeungua na nini?" na jibu likawa liko jikoni.

Dawa uliyoandikiwa na daktari haimo katika kupunguza huku, endelea nayo. Na kama umepaka krimu kali usoni kwa miezi, usiikatishe leo, soma kwanza sehemu ya mkorogo huko mbele.

Wiki mbili zikipita, rudisha kitu kimoja kwa wakati. Kabla ya kukipaka usoni, kipake kwenye kunjo la kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Pasipowasha wala kuota vipele, kipandishe. Ukirudisha vitatu kwa mpigo uso ukavimba, hutajua nani kafanya.

Hatua ya pili: kuoga

Kuna madaktari wa nchi za baridi wanaoandika kwamba kuoga mara moja kwa siku kunatosha. Hawajapanda daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Oga mara mbili, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni sabuni mwili mzima mara zote mbili. Mara moja sabuni kila mahali, mara ya pili kwapani, kinenani na miguuni tu, kwingine maji yanatosha.

Sabuni ya mche ni ya nguo. Sabuni ya kuua vijidudu haina kazi kwenye ngozi nzima ya kila siku, zaidi ya kuikausha. Dodoki ni la mtu mmoja, linasuuzwa na kuanikwa juani. Likikaa bafuni limelowa siku zote, unajisugua na shamba la bakteria. Na usisugue mpaka ngozi iwake. Wapo wanaosugua madoa meusi ya shingoni wakidhani ni uchafu, kumbe msuguo wenyewe ndio unaoongeza weusi. Shingo iliyokuwa nyeusi na nene kama mahameli hasa inaomba upimwe sukari.

Kama mtaa wenu unatumia maji ya kisima yenye chumvi, utaona sabuni haitoi povu na ngozi inabana baada ya kuoga. Weka jagi moja la maji baridi yasiyo na chumvi pembeni, hayo ndiyo ya kumalizia.

Hatua ya tatu: mafuta, na majira yake

Jikaushe kwa kugusagusa taulo, usijifute kama unasugua sufuria, kisha paka ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasiondoke. Ukipaka juu ya ngozi kavu kabisa umefungia ukavu.

Dar ina unyevu mwingi hewani, na kuanzia Desemba mpaka Machi ngozi ya kawaida haihitaji mafuta mazito mchana. Mafuta mgando mwilini saa sita mchana yanaziba njia za jasho, jasho linakwama chini ya ngozi, na hapo unapata harara. Mchana losheni nyepesi, mafuta mazito usiku au wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, upepo unapokausha miguu ikawa na mistari myeupe.

Watoto wachanga ndio wanaoonewa zaidi. Mtoto wa wiki tatu, Februari, amepakwa mafuta mazito toka utosini, amevikwa sweta na kofia ya sufu, amefungwa kwenye blanketi, halafu bibi anauliza kwa nini ana vipele shingoni. Shikamoo bibi, ana joto. Mvue, mwogeshe maji ya kawaida, mvike pamba nyepesi, na umwache bila mafuta shingoni siku tatu.

Ukivua nguo kwenye kamba wakati wa masika, zipige pasi pande zote mbili, hasa khanga, nguo za ndani na nepi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Buu akiingia kwenye ngozi anatengeneza kitu kama jipu chenye tundu katikati. Moto wa pasi unaua mayai. Ukishapata jipu la namna hiyo usilikamue, lifunike kwa mafuta mgando ili buu akose hewa ajitokeze, au nenda kituo cha afya akatolewe.

Hatua ya nne: jua

Anika nguo saa nne mpaka saa kumi, wewe mwenyewe tafuta kivuli. Huo ndio muda jua linachoma zaidi. Machinga na bodaboda hawawezi kuchagua saa, kwa hiyo wavae kofia pana na mikono mirefu ya kitambaa kilichoshonana. Nguo inakinga kuliko losheni na inadumu zaidi.

Losheni ya kukinga jua inunuliwe yenye SPF 30 au zaidi. Ya uso na shingo ni ujazo wa kijiko cha chai, siyo tone, na inarudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Mtu mweusi asiye na tatizo anaweza kuishi bila hiyo. Mwenye mabaka meusi mashavuni, hasa aliyepata baada ya ujauzito, hawezi. Bila kukinga jua, dawa yoyote ya mabaka ni pesa iliyotupwa. Na atafute ile yenye rangi inayofanana na ngozi, kwa sababu hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unachochea mabaka, na losheni nyeupe haiuzuii vizuri.

Kwa mwenye ualbino habari hii si ya urembo. Jua linamletea saratani akiwa bado kijana. Kofia, mikono mirefu na losheni ni za kila siku hata kukiwa na mawingu, na ngozi ikaguliwe na mtaalamu angalau kila miezi sita. Pale KCMC Moshi, ambako madaktari na wataalamu wengi wa ngozi wa ukanda huu wamesomea, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe. Kidonda kidogo au gamba lisilobanduka usoni au masikioni lisisubiri likizo ya shule.

Hatua ya tano: jua kipele chako kabla ya kwenda dukani

*Vinavyowasha usiku, na nyumbani mko zaidi ya mmoja.* Huo ni upele, ugonjwa wa vidudu vidogo vinavyochimba kwenye ngozi, mpaka ithibitike vingine. Angalia katikati ya vidole, kwenye viganja vya mikono karibu na kifundo, kiunoni, kwenye chuchu na sehemu za siri. Dawa zake zipo na si ghali: pamethrini ya asilimia 5, au ile ya maji inayoitwa BBE. Kinachoshinda watu ni utaratibu.

Nilikuwa na familia ya watu sita kutoka Tandika iliyotibiwa mara tatu, upele unarudi. Mara ya nne nikawauliza wanipe siku ya kupaka saa kwa saa, nani alipaka, nani alikuwa wapi. Baba ni mlinzi wa usiku. Mara zote tatu yuko lindoni, na yeye hajiwashi, kwa hiyo hakuna aliyemkumbuka. Anarudi alfajiri analala kitanda kile kile.

Fanyeni hivi. Chagueni usiku mmoja ambao wote mpo, akiwemo dada wa kazi na mgeni. Kateni kucha. Ogeni, jikausheni, subirini mwili upoe. Pakeni kuanzia shingoni mpaka nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, matakoni, siyo penye vipele tu. Watoto wa chini ya miaka miwili wanapakwa na kichwani, dawa isiingie machoni. Mjamzito na wa kichanga waulizie kwanza kwa daktari. Ukinawa mikono, paka tena. Pamethrini ikae usiku kucha, saa 8 mpaka 14, ndipo muoge. BBE ni saa 24. Asubuhi, mashuka, taulo na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika, kama koti, kifungwe ndani ya mfuko siku tatu au zaidi. Mdudu huyo hawezi kukaa mbali na ngozi ya mtu muda mrefu zaidi ya hapo. Rudieni baada ya siku saba.

Baada ya hapo mwasho unaweza kuendelea wiki mbili mpaka nne ingawa wadudu wamekufa. Mwili bado unagombana na mizoga. Usipake dawa kila siku kwa hasira, itakuunguza.

*Duara lenye ukingo uliopanda na katikati pamepoa.* Fangasi, ile tunayoiita choa. Kinenani kwa madereva na bodaboda ndiko hasa. Hapa lazima niseme juu ya tyubu za tatu kwa moja, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi pamoja. Ukiomba "dawa ya kuwashwa" dukani mara nyingi utapewa hiyo. Siku ya pili mwasho umekwisha, unamshukuru muuzaji. Lakini steroidi imewalaza askari wako wa mwili, fangasi anakula kwa raha, na ukiacha kupaka anarudi amepanuka mpaka mapajani na tumboni. Unanunua nyingine. Nimeona kijana aliyezunguka hivyo miezi minane, kinena kimepata michirizi kama ya mama aliyezaa, na ile michirizi haitafutika.

Omba klotrimazoli peke yake, asilimia 1. Paka mara mbili kwa siku, uvuke ukingo wa duara kwa upana wa kidole, kwa wiki mbili mpaka nne, na uendelee wiki moja baada ya ngozi kuonekana safi. Badili chupi kila siku, jikaushe kabla ya kuvaa. Kama ulishatumia tatu kwa moja, au limeenea, unahitaji vidonge kwa cheti cha daktari. Mapunye ya watoto nayo hayaponi kwa krimu hata ukipaka mwaka mzima, kwa sababu fangasi yuko ndani ya unywele. Yanataka dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa.

*Madoa mepesi au ya kahawia kifuani na mgongoni yenye unga ukikwangua.* Utangotango, zawadi ya jasho la Dar. Hutibika kwa shampuu ya dawa ya fangasi inayopakwa mwilini na kusuuzwa. Rangi inachukua miezi kurudi. Doa kubaki siyo dawa kushindwa.

*Chunusi.* Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, mara moja usiku, kidogo, uso mzima wenye chunusi na siyo juu ya kipele kimoja. Itafifisha rangi ya foronya na taulo, tumia nyeupe. Hesabu wiki 8 mpaka 12 kabla ya kuihukumu. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Na usikamue: kwenye ngozi yetu chunusi inaondoka kwa wiki, doa lake linakaa miezi.

*Vipele vya ndevu na vya kisogo.* Acha kunyoa mpaka kwenye ngozi. Bakiza kama milimita moja, uwe na mashine yako, na mwambie kinyozi asikuchonge mstari wa nyuma kwa wembe. Vya kisogo vikianza kuwa vigumu kama kokwa, njoo mapema.

Dada zangu mnaosuka: ukihitaji panado usiku wa kwanza, zimekazwa mno. Nywele za pembeni zikishang'oka miaka kadhaa, hakuna mafuta yanayozirudisha.

*Mikono ya mama lishe.* Sabuni ya unga, maji, vitunguu, maji tena. Mikono inapasuka, inachomwa na pilipili. Vaa glavu za mpira zenye glavu za pamba ndani, kwa sababu mpira mtupu unalowa jasho ukafanya yale yale. Kila ukimaliza vyombo, paka mafuta mgando. Usiku paka mengi na uvae soksi safi mikononi. Wanacheka nikiwaambia, halafu wanarudi wakinionyesha viganja.

Hatua ya sita: kutoka kwenye mkorogo

Sikugombezi. Nimewahi kuwagombeza watu, na walichojifunza ni kunidanganya. Mficha uchi hazai, na daktari asiyeambiwa ukweli anatibu mtu mwingine.

Steroidi inakondesha ngozi, inaleta vishipa, michirizi, chunusi, na vidonda vinavyochelewa kupona. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kudumu, wa bluu kama masizi, mashavuni na kwenye vifundo vya vidole. Zebaki inapita kwenye ngozi ikaenda kwenye figo, na haimhurumii mtoto aliye tumboni.

Zebaki na haidrokwinoni unaacha siku hiyo hiyo. Steroidi kali iliyopakwa kwa miezi ni bora uiache ukiwa na daktari, atakushusha taratibu kwa krimu dhaifu zaidi. Hasa ukiwa umepaka mwili mzima, ukaanza kuchoka, kizunguzungu au kutapika, usiache peke yako, nenda hospitali. Tegemea uso kuwaka, kuvimba, kuwasha na kutoa chunusi kwa wiki kadhaa, na rangi kuwa nyeusi zaidi ya ile uliyoanza nayo. Hapo ndipo wengi hurudi Kariakoo. Panga kuacha wakati usio na harusi wala kitchen party mbele yako, nasema kwa dhati kabisa. Paka mafuta mgando mepesi, kinga jua, na mwambie mtu mmoja nyumbani ili akuzuie.

Hatua ya saba: yasiyosubiri

Umeanza dawa mpya, labda Septrin au dawa ya kifafa, halafu mdomoni vidonda, macho mekundu, ngozi inauma na kubanduka: acha dawa, nenda hospitali sasa hivi, usingoje kupambazuke. Uso au ulimi kuvimba na kupumua kwa shida, vivyo hivyo.

Baka lisilohisi ukiligusa kwa unyoya linaweza kuwa ukoma. Unatibika, dawa zake hutolewa bure, na ukiwahi vidole vinabaki salama. Kidonda kisichopona wiki nne, doa jeusi linalokua unyayoni, au mstari mweusi mpya unaopanuka chini ya ukucha mmoja, vikaangaliwe. Ngozi nyeusi ikipata ile saratani mbaya ya madoa, mara nyingi huipatia miguuni, mahali ambapo hakuna anayejitazama.

Siku ya kuja kliniki

Njoo bila vipodozi na bila mafuta sehemu yenye tatizo. Vipele vinavyokuja na kuondoka, vipige picha siku vipo, mchana, karibu na dirisha. Andika tatizo lilianza lini na nani mwingine nyumbani anajikuna. Vaa nguo inayovulika kirahisi, kwa sababu nitaomba kuona na mgongo hata kama umekuja kwa ajili ya mkono.

Na lete mfuko, na vyote vilivyomo. Lile kopo lisilo na lebo lilete lilivyo, usilimwagie chooni njiani kwa aibu. Yule mama wa Februari alitaka kuliacha nyumbani. Aliniambia alirudi mlangoni mara mbili kulichukua.